Namna ya Kusoma Jamii kwa Miaka Mitatu Bila Kukutana Nayo

Hongera, mdogo wangu. Umepata nafasi ya kusoma sayansi za jamii, na mjomba amekwisha kukuuliza mbele ya wageni kwamba ukimaliza utakuwa nani hasa, maana anayesomea udaktari anakuwa daktari na anayesomea sheria anakuwa wakili. Mjibu kwamba utaijua jamii. Atanyamaza kwa heshima, kwa kuwa naye ni jamii na hakujua kwamba anasomewa.

Hatari iliyopo ni moja tu: katika miaka hiyo mitatu unaweza kukutana nayo kweli. Jamii ina vumbi, ina kelele, inakatiza maneno ya mtu na haitoi GPA. Mwongozo huu utakusaidia kuikwepa na bado ukavaa joho. Mifano mingi nimeitoa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ndiko wazee wetu wote walikopita, lakini ukiwa Mzumbe, Dodoma, Mwanza au pale Kivukoni utakufaa vilevile.

Jambo la kwanza ni umbali. Waasisi walilijua hili baada ya kuteleza kidogo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini, nacho kilijibanza katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Hebu fikiria: mwanafunzi akifungua dirisha anaiona Mnazi Mmoja, akivuka barabara mbili yuko Kariakoo, na ngazini anapishana na wanachama waliokuja kulipia kadi. Jamii ilikuwa inamjia bila miadi. Mwaka 1964 chuo kikahamia kilimani, kwenye upepo mwanana, mahali ambapo jiji linaonekana lote kwa mara moja, dogo na halisikiki.

Ukishapanda, kariri kaulimbiu ya chuo: Hekima ni Uhuru. Utaiona kwenye nembo, chini ya mwenge. Kariri pia ule mfano wa Mwalimu Nyerere wa mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Ni mfano mzuri sana kwa utangulizi wa insha. Usiufuatilie mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unasema anayekula asirudi ni msaliti, na hapo insha inaweza kukugeukia.

Chakula cha kijiji siku hizi kinaitwa boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa mwanafunzi. Tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, na kwa kuwa hutolewa kwa mkupuo, boom linafundisha uchumi kuliko mhadhara wowote: wiki ya kwanza wewe ni tabaka la kati, wiki ya tano wewe ni mkulima mdogo anayesubiri mvua. Sasa angalia mtego ulipo. Boom likikata utajikuta kwa mama lishe wa Changanyikeni ukimwomba akuandikie. Mama huyu ana daftari. Ndani mna majina, tarehe, viwango vya madeni, na alama ya mkasi pembeni mwa wale waliohitimu bila kulipa. Kwa ufupi, ana data ya miaka mingi kuhusu vijana na mikopo, aliyoikusanya mwenyewe bila mfadhili. Ukianza kumwuliza anamjuaje mtu wa kumkopesha na mtu wa kumnyima, umekwisha kuingia kwenye sosholojia, na wali utapoa. Kula, shukuru, ondoka.

Darasani kuna usalama zaidi. Nadharia nyingi utakazopewa zimezaliwa kwenye baridi, na zinapendeza zikibaki huko. Jua kwa tarehe kwamba mwaka 1893 Durkheim aliandika kuhusu mshikamano wa watu katika jamii na mgawanyo wao wa kazi. Usijiulize kikoba cha mama yako kinashikamana kwa nini, wala inakuwaje wanawake ishirini wasio na mkataba wa mwanasheria wanakopeshana mwaka mzima na fedha zinarudi. Kikoba hakitoki kwenye mtihani. Kuhusu lugha, utaratibu ni huu: mhadhara kwa Kiingereza, mtihani kwa Kiingereza, na katikati yake mnakaa kwenye kimbweta, ile meza ya zege chini ya mti, mmoja wenu anaeleza kwa Kiswahili kile alichosema mhadhiri, na wote mnaelewa. Kimbweta hakichukui mahudhurio, kwa hiyo kisihesabiwe kuwa elimu. Wenzako wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) wanaoandika tasnifu nzima kwa Kiswahili waangalie kwa huruma, ingawa bibi zao wakizishika wataweza kuzisoma.

Maktaba? Ipo mpya, ya mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji zaidi ya elfu mbili kwa wakati mmoja. Ina kiyoyozi. Sina la kuongeza.

Mwaka wa kwanza utalazimika kusoma DS, yaani taaluma za maendeleo, na humo utakutana na Walter Rodney. Rodney alifundisha pale pale kilimani, kwanza 1966, kisha akarudi 1969 akakaa mpaka 1974, na kitabu chake cha namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, kikichapishwa London na Dar es Salaam kwa pamoja. Ni kitabu cha mtu mwenye hasira na hesabu. Usikisome. Tafuta madesa ya kurasa nne, yaliyofupishwa na mtu aliyefupisha ya mwingine, ambamo Rodney mzima amebaki vipengele saba na kimoja kimeliwa na mashine ya fotokopi. Ukikisoma chenyewe utashangaa kuona kwamba swali lake unaweza kulihamisha: nani ananufaika hapa, na kwa jasho la nani? Ukilizoea swali hilo utaanza kuliuliza kuhusu ada, kuhusu hosteli, kuhusu yule fundi anayepaka rangi ukumbi wiki moja kabla ya mahafali. Huko siko.

Najua kuna wazee watakaokuambia kwamba zamani haikuwa hivi. Wasikilize kwa adabu, lakini jifunze kutokana na makosa yao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho, kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, halafu akawarudisha kijijini kwao karibu wanafunzi mia nne. Hivyo ndivyo walivyokutana na jamii, kwa basi la jioni. (Joho, kwa maoni yangu, halijawahi kuwa vazi zuri la kudai mshahara.)

Waliofuata walikosea kwa upande mwingine. Walianzisha umoja wao wa kimapinduzi, USARF, wakajisomea Jumapili, wakatoa jarida lililoitwa Cheche. Humo mwaka 1970 kijana Issa Shivji alichapisha makala ndefu iliyouliza ni tabaka gani hasa linalofaidi ujamaa wetu. Swali lilikuwa la kisayansi kabisa, na kabla mwaka haujaisha jarida likapigwa marufuku. Mwenyekiti wa umoja huo, Yoweri Museveni, aliyekuwa akisoma sayansi ya siasa na uchumi, alimsoma Fanon kuhusu matumizi ya nguvu katika ukombozi, na badala ya kutosheka na madesa akaenda na wenzake hadi maeneo ya Msumbiji yaliyoshikwa na FRELIMO kuangalia kama Fanon alisema kweli. Insha yake ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1971. Haya ndiyo matokeo ya kwenda fildi kwa moyo wote. Mtu anaweza kwenda kuhakikisha nadharia moja tu, asirudi tena kwenye maisha ya kawaida hata akifika miaka themanini.

Wewe fildi yako itakuwa ofisini. Utapangiwa halmashauri au shirika fulani, utapewa kiti karibu na mlango, na utajua nani anakunywa chai ya rangi na nani ya maziwa. Jaza kitabu cha kumbukumbu kila Ijumaa: "Nilishiriki shughuli mbalimbali za idara." Msimamizi atakuja siku moja, atapiga picha, atasaini.

Basi tufike kwenye utafiti wa mwaka wa tatu, ambao ndio mtihani wa kweli wa kuikwepa jamii, kwa sababu hapo wanakutuma kwake waziwazi.

Chagua mada yenye maneno "mchango wa", "changamoto za" au "athari za", kisha funga kwa "kisa cha" na jina la kata. Kata iwe ya Wilaya ya Ubungo au Kinondoni, ambako daladala zinafika. Usichague jambo linalokusumbua mwenyewe, mfano kwa nini dada yako aliacha shule akiwa darasa la sita huku wewe ukiendelea. Mada ya namna hiyo ina majibu, na majibu yanakaa mezani kwenu siku ya sikukuu.

Halafu omba kibali. Watu wanalalamikia kibali bila sababu. Ni rafiki mkubwa wa mtafiti mvivu. Barua inatoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anayeandika barua kwa Katibu Tawala wa Wilaya, anayeandika barua kwa Mtendaji wa Kata, anayekuandikia kwa Mtendaji wa Mtaa, ambaye amekwenda msibani Tanga. Kila meza ina muhuri na kila muhuri una siku yake. Mpaka unapomfikia mjumbe wa mtaa, umebakiwa na siku chache za kukusanya data, na hakuna msimamizi atakayekulaumu. Ukienda mtaani utakwenda na mjumbe huyohuyo. Atakupeleka kwa watu wanaojua kuongea na wageni, atasimama mlangoni wakati wanajibu, na wote watasema huduma za mtaa ni nzuri.

Kuhusu idadi ya watu wa kuwahoji, usihangaike. Tumia fomula ya Yamane, kama tulivyotumia sote. Uzuri wake ni kwamba ukiruhusu kosa la asilimia kumi inakupa jibu lilelile popote ulipo. Kata ya watu 10,000, hoji 99. Wilaya ya watu laki tano, hoji 100. Tanzania nzima, ambayo sensa ya 2022 iliihesabu ikiwa na watu zaidi ya milioni 61, hoji 100. Hivyo mwanafunzi wa Kata ya Tandale anatembea sawa na anayetafiti taifa. Mia hao pia si lazima uwatafute wote. Arobaini ni wa kuhojiwa kweli, thelathini wanapatikana hosteli ukinunua soda, na waliobaki wanapikwa. Kupika data ni kazi ya usiku, na inataka kiasi: usifanye wote wakubali, weka wabishi watatu wanne, la sivyo itaonekana haijaiva vizuri.

Hao arobaini ndio wa kuwa nao makini. Hojaji yako itakuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo msimamizi anavyoisahihisha, nawe utakuwa umeitafsiri kwenye daladala. Kwa hiyo utafika Tandale kwa mama anayekaanga maandazi na utamsomea: je, unakubaliana kwa kiasi gani kwamba upatikanaji wa huduma jumuishi za kifedha umeathiri kwa njia chanya ustawi wa kaya yako?

Mama atageuza andazi. "Mwanangu, unauliza kama ule mkopo ulinisaidia?"

"Ndiyo, mama."

"Ulinisaidia. Halafu ukachukua kabati."

Hapo kaa imara. Mbele yako kuna visanduku vitano: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Kabati halina kisanduku. Vijana wengi wameharibikiwa hapa, wakaweka kalamu chini na kuuliza lilichukuliwa na nani, mlikuwa mmekopa kikundi au mtu mmoja mmoja, jirani walisema nini, na sasa nguo mnaweka wapi. Saa mbili zikapita. Wakarudi wamelishwa maandazi, wana hojaji moja na kurasa kumi za maelezo ambayo programu ya takwimu ya SPSS haiyajui. Wewe tia alama kwenye "sina uhakika", ingawa katika nyumba ile mwenye uhakika ni mama peke yake, kisha nenda swali la saba.

Watakuuliza pia kama umekuja kuandikisha watu wa TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Kana haraka. Ukichelewa foleni itajipanga, televisheni zitafunikwa mashuka, na utapata takwimu za umaskini ambazo hata wewe zitakutisha.

Ikitokea mtu akakuuliza matokeo mtayaleta lini, mwambie yataletwa. Swali hili ni la zamani na lina historia inayotia aibu kidogo, kwa sababu kulikuwa na watu walioamua kulijibu, tena hapahapa Dar es Salaam. Mama mmoja wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikaa Bunju miaka ya 1960 akiishi na Wazaramo, akifuata ngoma zao, misiba yao na unyago wa mabinti, mpaka kitabu chake kikatoka 1970. Bunju ya wakati ule ilikuwa kijiji cha njia ya Bagamoyo. Leo ni mwisho wa daladala. Miaka ya 1970 akawa mtafiti pale Mlimani, na akashikilia kwamba wanakijiji si watu wa kujibu tu: watafiti pamoja nawe, wapange maswali, wayaone majibu. Wengine katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima walikuwa wakifikiri hivyohivyo, na kutokana na kazi zao utafiti shirikishi ukajulikana duniani. Leo unafundishwa Ulaya na Marekani kama elimu ya kisasa, na kwetu umerudi kwa jina la mradi, pamoja na posho ya usafiri na maji ya chupa.

Wewe usijaribu. Kwanza huna muda, kibali kimekula miezi. Pili, ukimwachia mama wa maandazi apange maswali, la kwanza litakuwa kuhusu riba na la pili kuhusu nani anayemlipia msimamizi wako mafuta ya gari.

Sura ya mwisho ni mapendekezo, na humo usibuni chochote. Iwe ni maji, ndoa za mapema, mikopo au mafuriko ya Jangwani, andika kwamba serikali kwa kushirikiana na wadau itoe elimu kwa wananchi. Elimu gani, usiseme. Wananchi wamepewa pendekezo hili na kila anayehitimu tangu nilipokuwa mdogo, na kama lingetekelezwa hata robo kila bodaboda wa Manzese angekuwa na shahada ya uzamivu. Ongeza sentensi kwamba utafiti zaidi unahitajika. Huo ni ukarimu kwa mdogo wako atakayekuja mwakani kumwuliza mama yuleyule.

Chapa steshenari nakala tatu zenye jalada gumu, jina lako kwa herufi za dhahabu. Moja ya idara, moja ya msimamizi. Ya tatu mpelekee mama yako. Ataiweka kwenye kabati la vioo, kati ya glasi za harusi na picha ya kipaimara au ya maulidi, na hataifungua kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza, lakini ataifuta vumbi kila Jumamosi kwa uangalifu ambao hakuna mtahini aliyewahi kuuonyesha.

Baada ya joho kuna likizo ndefu. Utarudi nyumbani, utakaa kibarazani, bodi ya mikopo itakukumbusha deni lake, ambalo ukiajiriwa utalilipa kwa asilimia 15 ya mshahara. Kisha siku moja asubuhi, mjumbe wa mtaa wenu atapita akiongozana na kijana mwenye kishikwambi na kitambulisho shingoni. Wanafanya utafiti kuhusu vijana wahitimu wasio na ajira. Ni wewe. Atakusomea: je, unakubaliana kwa kiasi gani kwamba elimu uliyoipata imekujengea stadi stahiki za kukabiliana na mahitaji ya soko?

Usianze kueleza. Yeye bado ana watu sitini, na jua limeshapanda. Jibu "nakubali sana" mpaka mwisho, dakika tano mtakuwa mmemaliza, kisha mwulize kama kuna soda.